Kisiki Kitachipuka

Somo: Ayubu 14:7–9



Wazee wetu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kahawa hiyo ilitulipia karo na kutujengea nyumba za mabati. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Wengi wetu tuliiacha mikahawa katika magugu, na vijana wakaenda mjini.

Sasa baadhi yao wamerudi. Upande wa Runyenjes na Nkubu wanatengeneza upya matuta ya babu zao na kupanda majani ya ng'ombe kingoni, mvua isichukue udongo. Mkahawa mzee hawaung'oi. Huukata kwa msumeno, kikabaki kisiki kifupi. Machipukizi yakitokea, huchagua mawili au matatu yenye nguvu na kuondoa mengine. Kisha hungoja kama miaka miwili ndipo wachume.

Ayubu naye aliona kwamba mti uliokatwa bado una tumaini.

Lakini liko jambo linalotuhuzunisha. Kijana hulima kwa bidii shamba ambalo hati yake ingali na jina la babu aliyekufa zamani. Kahawa ikizaa, ndugu hutokea kudai, na jasho lake huishia kortini. Na binti zetu je? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui mtoto wa kike. Na kabla yake Mungu alimwagiza Musa awape binti za Selofehadi urithi wa baba yao (Hesabu 27).

Wazazi wenzetu, tusingoje mazishi. Tuwaite watoto wote, wake kwa waume, tuwaonyeshe mipaka, na hati ziandikwe tungali hai. Kuachilia kunauma, lakini mkahawa usiokubali msumeno hauwi na machipukizi mapya. Nchi ni ya Bwana. Sisi tulikabidhiwa tu.

Tuombe: Ee Bwana, utufundishe kuachilia kwa haki. Wabariki vijana wanaoinua mashamba yaliyoachwa, uwape mvua kwa wakati wake, na nyumba zetu uzipe amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.