Mcheza Kwao Hutunzwa: Hotuba kuhusu Mustakabali wa Sanaa na Utamaduni katika Musoma, Bunda na Butiama



Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nchi ilikuwa changa, shule na hospitali zilikuwa haba; hata hivyo mwana huyu wa Butiama hakuuona utamaduni kuwa anasa ya kungojea neema. Je, sisi tunaoishi katika ardhi yake tunauonaje?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumezoea kuviita vikundi vya ngoma Mwenge unapopita au mgeni rasmi anapowasili. Wachezaji hufika alfajiri, husubiri juani, hucheza robo saa, hupewa soda na nauli, kisha husahauliwa hadi sherehe nyingine. Mtu anayeitwa kupamba shughuli tu hajashirikishwa.

Utajiri tulio nao si mdogo. Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma na wengine wanaishi hapa pamoja. Litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo vina nyuzi 8 kila kimoja, kana kwamba ni ndugu waliolelewa nyumba mbili. Lakini fundi wa chombo akifariki bila kuacha mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa naye. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuwahesabu. Kila kata iwe na daftari la wapiga vyombo, wafinyanzi, wasusi, watambaji wa hadithi, wanakwaya na vijana wanaorekodi muziki. Afisa Utamaduni hawezi kumhudumia asiyemjua.

Pili, tuwape nafasi katika fedha. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tumezoea kuisikia mikopo hiyo ikitajwa kwa bodaboda, kuku na ushonaji. Wafinyanzi nao wajipange waombe kwa ajili ya tanuri, na vijana waombe kwa ajili ya vipaza sauti. Lakini mkopo hurejeshwa, na asiyelipwa hawezi kurejesha. Basi mfano uanze kwetu: ofisi ya umma inapokialika kikundi, ikubaliane nacho ujira kabla ya siku ya shughuli.

Tatu, uwanja uwe wa wote. Jukwaa lenye ngazi tupu limekwisha kumfukuza mwenye kiti cha magurudumu kabla wimbo haujaanza. Vilevile, si kila tulichorithi kinastahili kurithishwa. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18; hata hivyo katika mkoa wetu bado wapo wasichana wanaoisikia ngoma ya msimu ule kwa hofu. Tuhifadhi nyimbo, mavazi na mafundisho ya heshima, wembe tuutupe. Utamaduni unaomjeruhi binti hauwezi kumwita mrithi.

Ndugu zangu, wageni wanakuja. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Musoma imekaa ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mgeni akiondoka bila kununua chungu chetu wala kusikia litungu letu, ametupita tu.

Nawaomba madiwani walipe daftari la kata nafasi katika vikao vya bajeti ijayo, na wasanii wajiandikishe wasingoje kuitwa. Hapo ndipo mcheza kwao atatunzwa kweli.