Sheria Isiyoandikwa Ndani ya Basi

Fuateni maneno haya kwa kidole, pole pole, mimi nikisoma.

Kwanza nakuuliza. Unapopanda basi, ni nani aliyekufundisha mahali pa kutazama? Hakuna sheria iliyoandikwa ya kukukataza kumkazia macho abiria mwenzako, lakini waijua. Sheria za namna hii hatuzioni mpaka mtu azivunje.

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, msanii mmoja alizivunja kwa kusudi. Jina lake ni Adrian Piper, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1948. Mwaka 1970 alivaa nguo za heshima, kisha akajaza taulo kubwa jekundu kinywani hata mashavu yakavimba. Sehemu iliyobaki ilining'inia kifuani. Hivyo akapanda basi, na treni ipitayo chini ya ardhi. Siku nyingine alivaa nguo alizozilowesha juma zima katika siki, mayai, maziwa na mafuta ya samaki. Akapanda treni jioni, saa za msongamano.

Hiyo ndiyo sanaa yake. Hapakuwa na jukwaa, wala hakutangaza kwamba ni mchezo. Kwa nini? Ukijua kwamba ni mchezo, utacheka tu, moyo utulie. Usipojua, lazima uamue mwenyewe: Nitazame pembeni? Nihame? Nimwulize kama ana shida?

Michezo hiyo aliiita Catalysis. Katika kemia, neno hilo lahusu kitu kinachoharakisha mabadiliko ya vitu vingine, chenyewe kikabaki vile vile. Hapa kitu hicho kilikuwa yeye Piper. Waliotakiwa kubadilika ni abiria.

Basi, msidhani haya ni ya kuchekesha tu. Piper aliweza kufika nyumbani, akatoa taulo, akaoga. Lakini mgonjwa wa akili, au mtu asiye na maji ya kuogea, naye hupanda basi, na yeye hachezi. Wazee walisema, uso umeumbwa na haya. Haya hutuzuia kumcheka mtu mbele ya macho yake. Lakini haya hiyo hiyo hutuzuia kumwuliza, "Ndugu, u hali gani?"

Zungumzeni darasani: Mtu kama huyo akikaa karibu nawe, utafanya nini? Je, kunyamaza ni adabu, au ni kumtupa?

Kwaherini.