Baada ya Turubai, Nini?

Ukiwa hapa Ngombezi, Korogwe, katikati ya mkonge na reli ya zamani, ukisikia redio ikitaja wakimbizi na mashirika ya misaada, akili inakimbilia mbali: Gaza, Sudan, Goma, au Nyarugusu kule Kasulu. Leo naomba tubaki jirani. Wilaya ya Handeni ina makazi yanayoitwa Chogo, na habari za Chogo zinastahili kusikika kila mahali panapozungumzwa misaada ya dharura.

Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, wakulima wa bonde la mto Juba walikimbia. Baadhi yao walikuwa wanazungumza Kizigua. Ndiyo, Kizigua hikihiki cha Handeni. Mababu zao walichukuliwa huku kwetu karne ya 19, wakavushwa bahari na kuuzwa utumwani Somalia, nao wakailinda lugha yao huko kizazi baada ya kizazi. Waliofanikiwa kufika Tanzania waliwekwa kambini Mkuyu, palepale Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Walikuwa karibu watu 3,000.

Sasa tuangalie msaada unavyofika. Watu wakivuka mpaka usiku, anayewapokea kwanza ni mwanakijiji. Ndiye anayetoa maji, uji na kibaraza cha kulala watoto, na mara nyingi hatajwi kwenye ripoti yoyote. Kisha inakuja serikali, halafu shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, linaloandikisha watu na kugawa kazi: chakula Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, maji na tiba mashirika mengine. Maturubai na mablanketi hutolewa kwenye maghala ya akiba kama yale ya Dubai, yakapakiwa kwenye ndege.

Halafu inaanza hesabu. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda pale Goma. Baada ya hapo mashirika yakakaa chini na kuandika viwango vinavyojulikana kwa jina la Sphere. Maji, angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Yaani robo tatu ya dumu la lita 20, na humo humo unywe, upike na uoge. Siku ya mgao mama anapanga foleni na kadi yake mkononi, anakinga mfuko, anapimiwa unga kwa kopo, maharage kwa kopo, mafuta kidogo, chumvi kidogo. Kopo likipunguzwa, aliyeshika kopo hana jibu la kumpa. Uamuzi umepitishwa kwenye bajeti ya nchi ambayo mama huyo hajawahi kuiona.

Siubezi msaada huo hata kidogo. Bila zile lita 15 watoto wanakufa, na Goma ni ushahidi wa kutosha. Ninachouliza ni hiki: unakwisha lini?

Vita vilevile vya 1991 ndivyo vilivyojaza kambi za Dadaab, Kenya. Zilikusudiwa watu 90,000. Njaa ya mwaka 2011 ilipoipiga Somalia, zilikuwa zimebeba zaidi ya 400,000. Kabla ya njaa hiyo, humo walikuwamo pia ndugu wa hawa wa Chogo. Walitafutiwa nafasi Tanzania, ikashindikana. Wakatafutiwa Msumbiji, ikashindikana. Mwishowe Marekani ikakubali kuwapokea karibu 12,000, wakaanza kuondoka mwaka 2003. Dadaab yenyewe bado ipo. Watoto waliozaliwa pale leo ni wazazi, na bado familia zinapimiwa kwa kopo. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha zake za misaada na kulifunga shirika lake la USAID, mgao wa chakula kwa wakimbizi walioko Kenya ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Watu wale hawakufanya kosa lolote. Walikuwa wameachwa zaidi ya miaka 30 wakitegemea mkono mmoja.

Chogo mambo yalikwenda vingine. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi. UNHCR ikatoa fedha za kujenga makazi, visima, shule na zahanati. Kaya zikapata mahali pa kulima. Kisha ikaja hatua ambayo mashirika hayawezi kuifanya peke yake hata yakiwa na mabilioni: wakaanza kupewa uraia. Handeni si nchi ya mvua za uhakika, wakulima mnaonisikiliza mnaijua vizuri, na mahindi ya Chogo yanakauka kama ya jirani yake. Lakini anayelima pale analima chake, na mtoto wake ana nchi.

Haja hiyo ya makazi ya kudumu haihusu wakimbizi peke yao. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, watu 89 walipoteza maisha. Mablanketi na unga vilifika, sawa. Kilichowarudishia watu maisha yao ni nyumba zaidi ya 100 ambazo serikali na Msalaba Mwekundu waliwajengea waathirika mahali pengine. Na miezi michache baadaye mvua za El Nino zikaua watu 155 nchini, kwa hesabu ambayo Waziri Mkuu aliitoa bungeni Aprili 2024. Sisi tunaokaa karibu na mto Pangani hatuna sababu ya kujiona tuko mbali na hesabu hizo.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa zinapaswa kuwapo hadi ngazi ya chini kabisa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji wa Ngombezi, Korogwe na Handeni, kikao kijacho cha mtaa au cha kijiji usikae kimya. Mwulize mtendaji wako mbele ya watu wote: mto ukifurika, familia zinazoishi bondeni zitahamia wapi kwa kudumu, na eneo hilo limeshapimwa?