Kupima Ubunifu wa Serikali za Kaunti: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ogwedhi



Tumeombwa tuseme machache juu ya swali waliloliuliza wanachama mwaka uliopita: twawezaje kujua kama serikali ya kaunti inabuni mambo mapya kweli, au inapaka rangi mpya mlango wa zamani? Tangu mwaka 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ushuru wa soko, zahanati na barabara za vijijini vimo mikononi mwa watu tunaowachagua wenyewe. Kwa hiyo kupima ni kazi yetu pia.

Watangulizi wetu katika kazi ya ustawi walipenda kuhesabu. Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoundwa mwaka 1923 chini ya uongozi wa Mchungaji Walter Owen, kiliwataka wanachama wachimbe vyoo, waue panya na wapande miti. Hatuwacheki hata kidogo. Choo kilikuwa jambo jipya katika boma lisilokuwa nacho. Lakini hesabu ya miche iliyopandwa haisemi ni mingapi iliyoona mvua za mwaka wa pili.

Shida hiyo ingaliko. Mwongozo wa Oslo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1992 kwa ajili ya kupima biashara na kupanuliwa mwaka 2018, wasema mambo mawili yanayotufaa. Kwanza, jambo halihesabiwi kuwa ubunifu mpaka litumike. Wazo lililolala katika faili si kitu. Pili, si lazima liwe jipya duniani, yatosha liwe jipya kwa yule anayelianza. Basi kaunti ikiiga jambo jema la jirani yake, hiyo nayo ipewe haki yake. Makueni mwaka 2016 ilianzisha mpango ambao jamaa moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Mwenye kuuiga asione haya. Ila tumwulize kama mgonjwa alipofika alikuta dawa, au alikuta kadi yake tu.

Hapa Kenya vipimo vimekuwapo. Katika mpango wa kutegemeza ugatuzi ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, kaunti zilikaguliwa mipango yao, hesabu zao na utumishi wao, na zilizotimiza masharti zikapata fedha zaidi. Twausifu utaratibu huo, lakini ulipima zaidi unadhifu wa nyumba kuliko chakula kilichopikwa ndani.

Sasa tuseme la kwetu. Ogwedhi iko ukingoni: huku Migori, na hatua chache mbele ni Narok, kwa ndugu zetu Wamaasai. Mahindi yavuka, ng'ombe wavuka, na wezi wa ng'ombe, kwa bahati mbaya, wavuka pia. Jambo jipya lenye manufaa makubwa kwetu lingekuwa mapatano ya kaunti hizi mbili: alama moja ya mifugo inayotambuliwa pande zote, chanjo siku moja, na stakabadhi ya ushuru iliyolipwa upande mmoja isikataliwe upande wa pili. Lakini kila orodha ya vipimo tuliyoiona huipa kila kaunti mstari wake. Jambo lililofanywa na wawili liandikwe kwenye mstari wa nani? Hata jumuiya ya kaunti za eneo la Ziwa, iliyo na kaunti 14, Migori na Homa Bay zikiwamo, haina Narok ndani yake. Afisa atafutaye alama nzuri hana sababu ya kuutazama mpaka wetu, na huku ndiko watu hupoteza mali, na mara nyingine roho.

Kwa sababu hiyo halmashauri yenu imenunua daftari. Kila jambo jipya litakaloletwa hapa, na kaunti yo yote, litaandikwa siku lilipofunguliwa, kisha litatazamwa tena baada ya miezi kumi na miwili: lingali likitumika, na nani, na kutoka upande gani wa mpaka? Wazee wawili kutoka ng'ambo wamekubali kuandika pamoja nasi. Ukurasa wa kwanza umejaa. Miezi yake kumi na miwili itatimia kabla ya mkutano ujao, nao utasomwa hapa, mbele yenu.