Maji, Ardhi na Upepo Vinaposema Vitabuni

(Mazungumzo ya katibu wa vijana mbele ya wanachama na walimu wa kisomo cha watu wazima)



Nimepewa nusu saa, nami nitajitahidi nisiipite. Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema kwamba haifai kuwasomesha watu wazima vitabu ambamo mto unampanda mtu kichwani na ardhi inatoza faini. Ati huo ni ushirikina, na taifa linalotaka viwanda halina haja nao. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza sababu.

Kwanza tukubaliane kwamba sisi wenyewe hatumalizi siku bila kuzipa nguvu za dunia mwili wa mtu. Mvua imetukimbia, twasema. Kusi limekasirika. Njaa imeingia. Hakuna anayedhani kwamba njaa ilipiga hodi mlangoni ikakaribishwa mkeka. Ni namna ya kusema, na ni namna nzuri. Lakini ndani yake mna hila. Kitu kikishapewa uso wa mtu, mara nyingi watu halisi waliotenda jambo hupotea machoni petu.

Chukueni mfano ambao si wa hadithi. Tarehe 3 Februari 1960 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town akazungumza juu ya upepo wa mageuzi unaovuma katika bara letu. Makaburu waliomsikiliza hawakufurahi, na kwa hilo tumpe haki yake. Lakini litazameni neno lenyewe. Upepo haukuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Aliyeiacha ni Mwalimu Nyerere. Upepo haukupita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam kuwaandikisha akina mama. Waliopita ni Bibi Titi Mohamed na wenzake, kwa miguu yao. Upepo hauna kadi ya chama, wala hauwekwi kizuizini. Mtawala anapoondoka akisema kwamba ameondolewa na upepo, hana haja ya kumtaja mtu aliyemwondoa.

Basi, twende kwenye vitabu tukiwa na swali hilo mkononi: nguvu hii inaposema, ni nani anayesema kwa kinywa chake?

Naanza na Nijeria, kwa kuwa kitabu chenyewe kimo katika Kiswahili tangu mwaka 1973, kwa tafsiri ya Clement Ndulute, na wengi mmekisoma kwa jina la Shujaa Okonkwo. Chinua Achebe alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1958. Humo Ardhi ni mungu wa kike, jina lake Ani, naye ni hakimu kuliko mahakimu wote wa kijiji cha Umuofia. Okonkwo anampiga mkewe katika Juma la Amani. Ardhi imekosewa, na faini inatozwa. Bunduki yake inapasuka msibani na kumwua kijana bila kukusudia. Ardhi imekosewa tena, na Okonkwo anakwenda uhamishoni miaka saba. Rafiki zake wenyewe ndio wanaobomoa nyumba zake, bila chuki yoyote. Hapo twaona uzuri wa sheria hiyo: tajiri na shujaa hawana upenyo wa kuikwepa.

Lakini Achebe si mpiga debe wa mila. Ardhi hiyo hiyo inasemekana imeamuru mapacha watupwe porini. Yumo mama mmoja, Nneka, ambaye mara nne alizaa mapacha na mara nne wakatupwa. Ana mimba tena wamisionari wanapofika, naye anawafuata. Je, Ardhi yenyewe ilifungua kinywa ikasema juu ya mapacha? Waliosema ni wanadamu, na mwanamke yule aliyalipa maneno yao kwa watoto wanane. Mgeni alipokuja, ukuta ulikwisha kuwa na ufa. Sijui kitabu cha siasa kinachoeleza jambo hili waziwazi kuliko hicho.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile. Asili yake ni Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ingawa mwandishi hakukusudia kuandika historia tupu. Watu wanalimishwa shamba la mgeni huku majumbani hakuna chakula. Wanataka kupigana, lakini kila kabila linalitazama jingine kwa jicho la pembeni. Ndipo Hongo, pepo wa mtoni, anapomvuta Kinjeketile majini. Watu wanadhani amekufa. Anatoka mkavu, na mdomoni ana neno la umoja na maji ya kunyunyiza, maji ambayo risasi haiwezi kuyapita.

Ndugu yetu wa mkutano uliopita angefunga kitabu hapo. Angekosea, kwa kuwa katika kupandwa kule kule Hongo anasema jambo jingine: Mjerumani akiisha kuondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sultani wa Unguja! Tena aliyefariki mwaka 1856. Kinjeketile anapopata fahamu na kuelezwa alichosema, anaingiwa na hofu. Kumtoa bwana mmoja ili kumkaribisha mwingine? Neno lile lilitoka kwa nani? Anawaomba watu wangoje. Lakini neno limekwisha kutoka mikononi mwake, limekuwa kubwa kuliko yeye, na watu hawangoji tena. Kitunda, aliyekuwa akiwafundisha vita, anajua kwamba askari huhitaji mafunzo zaidi ya maji. Wanakwenda Mahenge, na bombomu linawafyeka.

Mto uliwaunganisha watu ambao mikutano ilishindwa kuwaunganisha. Kazi hiyo ilikuwa ya kweli, na mwandishi haidharau. Lakini mto haukupigana. Wala, niseme kwa historia yenyewe, si njaa iliyoingia kusini baada ya vita: Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa kusudi, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi. Mwalimu wa kisomo anayeandika ubaoni kwamba njaa iliingia, na aongeze mstari wa pili aseme ilifunguliwa mlango na nani.

Mwisho wa mchezo ndio ambao vijana wetu hugombana juu yake hadi taa inazimwa. Mjerumani anamtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye, rafiki yake, anamsihi afanye hivyo, kwa kuwa vijana bado wanakufa kwa kuyaamini. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akitamka, kesho wajukuu wataambiwa kuwa yote waliyopigania wazee wao yalikuwa uongo, pamoja na uhuru wenyewe. Mimi namwelewa, na katika ukumbi wa chama ni rahisi kumshangilia. Lakini kila ninapousoma ukurasa ule nasikia pia maneno ya Kitunda, kwa sababu alikuwa na askari walio hai wa kuwafikiria, na sijaona aliyemjibu. Nawaomba walimu msiwape watu jibu. Someni sehemu hiyo kwa sauti, mmoja awe Kinjeketile, mwingine Kitunda, kisha mkae kimya muone nani atasimama kusema.