Sura ya Baba Yetu

Somo letu la leo lapatikana katika kitabu cha Isaya, mlango wa 44, tangu mstari wa 9 hadi wa 20. Hapo nabii atuonyesha mtu aliyekata mti. Sehemu moja aliitia motoni, akaota moto na kupika chakula. Sehemu iliyobaki aliichonga sanamu, kisha akaisujudia na kuiomba imwokoe.

Sisi watu wa Kitui na Makueni twaielewa habari hii upesi, maana uchongaji ni kazi ya jirani zetu. Atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, mahali palipovitangaza vinyago vya Wakamba duniani. Zamani wazee wetu walichonga vigoda vya miguu mitatu, fimbo na miiko. Kisha, kama inavyosimuliwa, mtu mmoja wa Wamunyu aitwaye Mutisya Munge alijifunza kuchonga sanamu huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Tangu hapo twiga na vifaru wa mti wamelipa karo ya watoto wengi.

Lakini leo hatusemi habari za twiga. Twataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulifiwa na baba yetu. Sisi watoto tulikuwa tumetawanyika, wengine Nairobi, wengine Mombasa. Baada ya mazishi tuliona vema tumheshimu kwa kitu kitakachodumu. Tukakubaliana kuchanga fedha ili baba achongwe kwa mti wa mpingo, asimame sebuleni tukimwona.

Papo hapo tukagawanyika. Mmoja wetu aliye mzee wa kanisa akasema, “Hiyo ni ibada ya sanamu. Ikiingia nyumbani, mimi natoka.” Mwingine akamjibu, “Picha ya baba imetundikwa ukutani siku zote nawe huisemi. Karatasi na mti vyatofautiana nini?” Maneno yakawa makali. Ikapita miezi tusisalimiane, hali sisi ni watoto wa tumbo moja.

Ndugu wapenzi, hofu ya yule mzee wa kanisa haikuwa ya bure. Mbali huko magharibi, katika nchi ya Kongo Brazzaville, watu waitwao Beembe walichonga vinyago vidogo vya wazee wao waliofariki. Walivitia macho meupe na kuvichora tumboni chale kama walizochanja wenyewe. Kisha mganga aliweka dawa katika tundu dogo nyuma ya kinyago, na tangu hapo kilihesabiwa kuwa makao ya roho ya mzee yule. Walikiendea wakitafuta ulinzi na msaada.

Kwetu Ukambani haikuwa hivyo. Wazee wetu walimwita Mungu Ngai Mulungu, wakamtolea sadaka penye ithembo, chini ya mti mkubwa, hasa mvua ilipokosekana. Nao aimu, roho za waliotangulia, waliwamwagia pombe kidogo na kuwawekea chakula. Injili ilipofika Nzaui mwaka 1895, pamoja na Peter Cameron Scott na wenzake, waumini walifundishwa kuyaacha hayo. Lakini kuwakumbuka wazee hakukukoma. Mwalimu John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika kwamba kwa Mwafrika aliyekufa bado yu hai kwa namna fulani, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina lake. Ndiyo sababu mtoto wa kwanza wa kiume kwetu hupewa jina la babu yake.

Basi, je, mti wenyewe una hatia? Hapana. Soma Kutoka mlango wa 31 uone jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli roho yake, apate hekima hata ya kuchonga miti. Kasoro ya yule mtu wa Isaya haikuwa katika mkono wake. Ilikuwa katika moyo wake.

Na sisi mioyo yetu ilikuwaje? Sikilizeni.

Wawili wetu tulikwenda kwa mchongaji, mtu mzima mwenye mvi. Tulimkuta ameketi kivulini, tezo mkononi, vipande vya mti vimemfunika miguu. Tukamweleza haja yetu. Akauliza, “Wanangu, ni nani afananaye naye, nipate kuiona sura yake?” Tukamtaja mtoto wa kaka yetu, mwenye jina la baba. Akatabasamu, akasema, “Basi mmekwisha kuchongewa.” Kisha akauliza tena, “Na mama yenu yu hai?” Tukajibu kwamba yu hai. “Kiangazi hiki ni nani anayemchotea maji?”

Tukanyamaza. Mama alikuwa akishuka mwenyewe mtoni, akifukua mchanga kwa kata na kungoja maji yatoke, kisha akapanda mlima na mtungi mgongoni. Tulikuwa tumebishana miezi mingi juu ya heshima ya baba, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za maji ya mama.

Hatukuagiza sanamu. Fedha zile tulinunua tangi, tukatengeneza mifereji ya kukinga maji ya paa. Hatukupatana siku ile; tulipatana polepole, tukishika mabati pamoja. Mama alilitumia tangi lile misimu miwili ya mvua, kisha Bwana akamwita. Twamshukuru Mungu kwa misimu ile miwili. Kwa ile mingi iliyotangulia twaona haya hata leo.

Katika Marko mlango wa 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliotoa wakfu kwa Mungu mali iliyowapasa kuwasaidia wazazi wao. Walikuwa na dini nyingi, huku mzazi akilala njaa. Na sisi tulikuwa hivyo. Wewe uliyewekea kaburi la baba vigae, chumba cha mama kinavuja? Nawe unayemwita ndugu mchongaji mwabudu sanamu, umemtembelea shangazi yako mwaka huu?

Wapenzi, Mwanzo mlango wa 1 watufundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Wakolosai mlango wa 1 watuambia kwamba Kristo ndiye sura ya Mungu asiyeonekana. Kwa hiyo, ukitaka kumheshimu aliyelala, mtazame kwanza aliye hai. Yule bibi kizee aliyeketi mlangoni amebeba mfano usiochongwa na mkono wa mwanadamu.

Na tuombe. Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa wazee wetu waliotangulia. Utusamehe kwa kuwa tumewakumbuka wafu na kuwasahau walio hai. Utupatanishe sisi tulio ndugu. Utufumbue macho leo, kabla mama zetu hawajachoka kungoja. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.