Vitamini D na Mtoto Mwenye Nimonia

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mbumbuni. Leo tunazungumza juu ya swali ambalo akina mama wananiuliza sana kliniki: "Sista, mtoto akishikwa na nimonia, nimnunulie vitamini D?"

Nianze na mama mmoja ambaye jina lake naliweka kando. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu huku kwetu milimani. Mtoto wake wa miezi 9 alikuwa na kikohozi na alihema haraka. Jirani alimwambia kwamba mtoto amekosa vitamini tu. Pesa kidogo alizokuwa nazo akanunua chupa ya matone ya vitamini D katika duka la dawa. Akampa, akangoja siku tatu. Siku ya nne alifika kwetu kwa bodaboda, mtoto hawezi kunyonya na kifua kinabonyea. Tulimpeleka hospitali kubwa, akawekwa kwenye hewa ya oksijeni, na kwa neema ya Mungu alipona. Lakini siku zile tatu zingeweza kumchukua.

Sasa tuelewane. Nimonia, ambayo wengine huita kichomi, ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na viini. Mwaka 2019 uliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Mara nyingi dawa yake ni ya kuua bakteria, na kwa watoto wengi hapa Kenya dawa hiyo ni amoksilini. Vitamini haiui bakteria.

Je, vitamini D ni bure basi? Hapana. Mwili huitumia kujenga mifupa na kusaidia kinga. Mtoto anayeikosa sana hupata ugonjwa wa matege: miguu inapinda, mbavu zinalegea, anachelewa kutembea. Mbavu zikiwa laini, kifua hakisukumi hewa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kutoka kwa jirani zetu wa Ethiopia, Addis Ababa, ulionyesha hivyo. Kati ya watoto 500 wenye nimonia, 210 walikuwa na ugonjwa huo wa mifupa. Kati ya watoto 500 wasio na nimonia, 20 tu ndio walikuwa nao.

Hapo wataalamu wakajiuliza: tukiwapa watoto vitamini D, nimonia itapungua? Walijaribu kule Kabul, Afghanistan. Watoto wachanga zaidi ya 3,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa yuniti 100,000 za vitamini D kila miezi mitatu, kwa miezi 18. Matokeo yalitoka mwaka 2012: nimonia haikupungua. Kule India nako, watoto wenye nimonia kali walipewa vitamini D pamoja na dawa zao, na hawakupona haraka zaidi ya wenzao.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Vitamini D si tiba ya nimonia. Mtoto akionekana na dalili za matege, mlete tumpime, na daktari ndiye atakayeandika kipimo. Usijipimie mwenyewe nyumbani. Vitamini D ikizidi mwilini huleta kutapika, kufunga choo, na hata kuharibu figo.

Usichanganye pia vitamini D na vitamini A. Ile tunayompa mtoto kliniki kila miezi 6, kuanzia umri wa miezi 6 hadi miaka 5, ni vitamini A. Hiyo usiikose.

Sasa chukua simu yako, hata kama ni ile mulika mwizi, ina saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Ni pumzi za haraka ikiwa:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Ukipata hivyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea kwa chini anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke vizuri, usingoje kupambazuke. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, tafuta bodaboda, nenda. Wahenga walisema kawia ufike, lakini kwa nimonia anayekawia huenda asimkute mtoto.

Ukipewa amoksilini, mpe mara mbili kwa siku kwa siku zote 5, hata akianza kucheza siku ya pili. Endelea kumnyonyesha. Asipopata nafuu baada ya siku mbili, mrudishe. Akizidiwa, mrudishe wakati huo huo.

Na kinga je? Kwanza chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia mwaka 2011, na mtoto huipata bila malipo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Pili, maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha uji, ndengu, kunde, mboga na yai. Tatu, moshi: usimbebe mtoto mgongoni ukipika kwenye mafiga ndani ya jikoni lisilo na dirisha.

Na vitamini D yenyewe? Mama, tunayo bure. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Shida ni kwamba tunamfunika mtoto kwa mablanketi na kumfungia ndani mwezi mzima wa baridi. Jua likitoka, mtoe nje dakika chache kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, uso, mikono na miguu ikiwa wazi. Usimwache achomeke.

Kwa leo ni hayo. Ukikumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: mtoto akihema haraka, pesa za kwanza ni za nauli ya kumfikisha kituoni, si za chupa ya vitamini.